Kutengeneza bayocha kwenye shimo la koni: mwongozo kamili, kuanzia kuni hadi shambani

Wanaojaribu kutengeneza bayocha kwa mara ya kwanza hukwama sehemu mbili. Wengine huishia na majivu: rundo zima la matawi limeteketea, na chini ya shimo kumebaki ndoo moja ya vipande vyeusi. Wengine hupata mkaa mzuri kabisa, wakaumwaga shambani mkavu kama ulivyotoka shimoni, na baada ya wiki tatu mimea yao ni ya njano kuliko ya jirani ambaye hakuweka kitu. Kosa la kwanza ni la hewa. La pili ni la pupa. Yote mawili yana dawa, na hakuna inayohitaji kifaa cha kiwandani.

Bayocha ni mkaa uliotengenezwa kwa ajili ya udongo. Haufanani na mkaa wa jikoni, ambao mara nyingi huivishwa kwa moto wa chini ili ubaki na gesi ndani yake na uwake vizuri. Gesi hizo hizo na lami yake ndizo hatuzitaki karibu na mizizi. Bayocha nzuri imeiva kwenye joto la nyuzi 600 hadi 750 za Selsiasi, haina harufu, na haiachi mafuta mkononi.

## Jambo la kuelewa kabla ya kuwasha

Ukipasha kuni joto, kwanza hutoa maji, kisha gesi. Miali ya njano unayoiona ni gesi hizo zinaungua juu ya kuni. Gesi zikiisha, kinachobaki ni mkaa, na mkaa wenyewe huanza kuliwa na kugeuka majivu pale tu hewa inapoufikia.

Kwenye shimo la koni, moto hukaa juu kama pazia. Pazia hilo linakula hewa yote inayoshuka, kwa hiyo mkaa ulio chini yake unabaki salama hata kama shimo liko wazi kabisa. Ndiyo maana hakuna kifuniko, hakuna bomba, wala haja ya kuziba kitu. Kazi yako yote ni kuhakikisha pazia halikatiki: kila gesi za tabaka moja zinapokaribia kuisha, unaongeza tabaka jingine.

Ukichelewa, hewa inaula mkaa. Ukiwahi mno, unalifunika pazia na moshi unatoka. Ukisimama kando ya shimo, jiulize swali moja tu: hewa sasa hivi inaliwa na gesi au na mkaa?

## Vitu vya kuandaa

Vipimo hivi ni vya shimo la lita 420 hivi, ambalo watu wawili wanalimudu kwa nusu siku.

- Mabaki makavu ya mimea, kilo 250 hivi: matawi ya kupogoa, magunzi ya mahindi, mabua magumu ya mbaazi au pamba, vifuu vya nazi, mianzi iliyopasuliwa.
- Maji lita 200, yakiwa kando ya shimo kabla hujashika kiberiti.
- Jembe, koleo, na reki ya mpini mrefu.
- Ndoo mbili na kopo la kunyunyizia lenye vitundu.
- Glavu za ngozi, viatu vya kufunika mguu mzima, nguo za pamba. Nailoni huyeyuka na kugandia ngozi.
- Barakoa ya vumbi na magunia magumu mawili kwa ajili ya kuponda.
- Mboji au samadi iliyoiva, ujazo sawa na mkaa utakaoupata.

Kilo 250 za kuni kavu hutoa kilo 40 hadi 50 za mkaa ukipimwa mkavu, yaani sehemu moja kati ya tano au sita. Anayekwambia amepata nusu ya uzito wa kuni zake, ama amepima mkaa uliolowa maji, ama ana mkaa ambao haujaiva.

### Vitu visivyoingia shimoni

Mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya kuzuia wadudu haziingii. Baadhi ya dawa hizo zina shaba, kromiamu na aseniki, na metali haziungui: zinabaki kwenye mkaa na kwenda shambani. Plaiwudi ina gundi. Plastiki, hata kipande cha kamba, kinatoa sumu. Magogo yaliyookotwa ufukweni yana chumvi.

Pumba za mpunga, maganda ya kahawa na unga wa mbao havina ubaya wowote, ila havifai kwa njia hii. Hulala chini kama blanketi na kuzima moto. Vinahitaji jiko la aina nyingine.

## Hatua ya 1: Kausha, kisha panga kwa unene

Unyevu uwe chini ya asilimia 20. Kila lita ya maji iliyo ndani ya kuni lazima ichemshwe hadi iishe kabla kuni hiyo haijatoa gesi ya kuwaka, na joto la kazi hiyo linachotwa kutoka kwenye pazia la moto. Pazia likipoa, gesi zinapita bila kuungua. Huo ndio moshi mweupe mzito, na lami iliyomo ndani yake inarudi kutua kwenye mkaa wako.

Kipimo cha haraka: vunja kijiti chenye unene wa kidole. Kikikatika kwa mlio mkali, kiko tayari. Kikipinda kwanza, au ganda likachunika kama kamba, kirudishe juani.

Kipimo cha uhakika: katakata gramu 1,000 za kuni zako, zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, kisha pima. Zikibaki gramu 820, unyevu ulikuwa asilimia 18. Zikibaki gramu 700, ulikuwa asilimia 30, na siku hiyo usiwashe.

Matawi mabichi huhitaji wiki kadhaa za jua chini ya paa, yakiwa yameinuliwa kutoka ardhini. Usiyafunike kwa turubai hadi chini. Yatatoa jasho na kuota ukungu.

Ukishakausha, tenga marundo matatu: vijiti vyembamba kuliko kidole cha mwisho, vya unene wa kidole gumba, na vya unene wa kifundo cha mkono. Kinachozidi sentimita 5 kipasue. Gogo nene huiva nje huku katikati likibaki kahawia.

Mianzi lazima ipasuliwe kwa urefu. Hewa na mvuke vilivyofungiwa kati ya vifundo hulipuka kwa kishindo na kurusha makaa ya moto.

## Hatua ya 2: Chimba shimo

Chagua sehemu iliyo wazi, mbali na nyumba, uzio, miti na nyasi kavu. Fyeka na kwangua ardhi hadi udongo mtupu, angalau mita 3 kuzunguka pande zote. Uliza pia kama kuna zuio la kuwasha moto wa nje mahali ulipo katika kipindi hicho.

Udongo wa mfinyanzi au wa kichanga kidogo unashika kingo vizuri. Mchanga mtupu unabomoka. Udongo mweusi wa kinamasi, ule ulioundwa na mimea iliyooza, usiuguse kabisa: wenyewe unawaka, na moto unaweza kufukuta chini ya ardhi siku nyingi bila kuonekana. Mizizi mikubwa ya mti nayo hupitisha moto vivyo hivyo.

Vipimo:

- Upana wa juu: mita 1.2
- Upana wa chini: mita 0.5
- Kina: mita 0.7

Kingo zilale kwa mteremko ulionyooka kutoka juu hadi chini. Usichimbe kama kisima. Ukuta wima huacha nafasi kati yake na kuni, hewa hushuka kupitia hapo na kuula mkaa kutoka ubavuni, mahali ambapo huwezi kuona. Kingo zilizolala huzifanya kuni zizidi kushikana kadiri zinavyoshuka.

Piga kingo kwa mgongo wa koleo hadi ziwe ngumu. Udongo uliotoka upange kama ukingo wa sentimita 15 kuzunguka mdomo wa shimo ili kukinga upepo, na uliobaki uweke karibu kwa dharura. Usipange mawe ndani, hasa ya mtoni, kwani yenye maji ndani hupasuka yakishapata moto.

Ikiwa mvua imenyesha karibuni, washa moto mdogo shimoni kwa nusu saa kabla ya kazi yenyewe. Ukuta uliolowa hunywa joto, na tabaka la chini halitaiva.

## Hatua ya 3: Washa kutoka juu

Hapa ndipo mazoea ya jikoni yanapowaponza wengi. Usiwashe kwa chini.

Panga vijiti vikavu katikati ya shimo, viwili kwa viwili kwa kupishana, mpaka upate mnara wa mraba wa urefu wa sentimita 50 wenye uwazi katikati. Weka nyasi kavu au maganda juu yake na uwashe hapo juu.

Moto ukianzia chini, gesi za kuni za juu zinasukumwa hewani bila kuungua. Ukianzia juu, gesi kutoka chini lazima zipite katikati ya miali, na zinaungua.

Baada ya dakika 10 hadi 15 mnara utaanguka wenyewe. Sambaza makaa hayo kwa reki hadi yafunike chini yote ya shimo. Kama kuna doa lisilo na moto, weka vijiti vyembamba hapo na usubiri. Usiendelee mpaka chini yote iwe inawaka.

Mafanikio ya hatua hii yanaonekana kwa macho: miali inafika kila upande, na juu yake hakuna moshi, ila hewa inayotetema kwa joto.

## Hatua ya 4: Lisha moto kwa matabaka

Hii ndiyo hatua inayoamua, na itakuchukua kati ya saa moja na nusu na saa tatu. Mtu mmoja asitoke kando ya shimo muda wote huo.

Tandaza tabaka la kwanza la kuni, unene wa sentimita 5 hadi 10, likifika kila upande. Zilaze kwa ulalo, usizisimamishe. Kuni zilizosimama hufanya kama bomba la kuvutia hewa.

Sasa subiri na utazame uso wa tabaka. Kuni zitawaka kwa miali ya njano, zitakuwa nyeusi, kisha utando mwembamba mweupe wa majivu utaanza kuonekana kwenye kingo za vipande. Utando huo mweupe ndio ishara ya kuongeza tabaka. Maana yake ni kwamba gesi zinakaribia kuisha na hewa imeanza kuugusa mkaa. Usitumie saa kama kiongozi wako. Vijiti vyembamba vinaweza kufika hapo kwa dakika 5, vya unene wa kidole gumba kwa 10 au 15.

Ishara zitakazokusumbua ni mbili, na zinapingana.

Moshi mweupe au wa njano unamaanisha umeongeza mapema, umeweka tabaka nene mno, au kuni zina unyevu. Acha kulisha. Kama moshi hauishi ndani ya dakika mbili tatu, rushia vijiti vyembamba vikavu kabisa juu ya sehemu inayofuka ili miali irudi. Usichochee kwa fimbo.

Majivu meupe yaliyotanda, miali mifupi, makaa mekundu yanayong'aa yanamaanisha umechelewa. Ongeza tabaka mara moja. Hasara ya hapo nyuma hairudi, lakini tabaka jipya litaikomesha papo hapo.

Moshi kidogo kwa nusu dakika baada ya kila tabaka ni wa kawaida. Usiuogope hadi ukaanza kuchelewa. Ukiwa mgeni, afadhali ukosee kwa kuchelewa kidogo kuliko kuwahi: majivu machache ni hasara ya wingi, lami ni hasara ya ubora, na wingi unaweza kuurudisha kesho.

### Mpangilio wa unene

Kuni nene ziingie katika nusu ya kwanza ya kazi, baada ya matabaka mawili au matatu ya vijiti. Zitapata saa nzima au zaidi ya kuiva chini ya joto la matabaka yanayofuata. Gogo linalowekwa mwishoni litatoka likiwa nusu mti, nusu mkaa.

Tabaka mbili za mwisho ziwe za vijiti vyembamba tu, kwa sababu juu yake hakutakuwa na pazia jingine la kuziivisha.

### Upepo na kuchochea

Upepo ukivuma upande mmoja, miali inalala na upande wa upepo unabaki wazi. Utaona majivu yakianza hapo. Lisha upande huo zaidi, na inua ukingo wa udongo. Upepo ukiwa wa kutikisa matawi ya miti, ahirisha kazi.

Watu wengi hawawezi kuuacha moto bila kuuchokonoa. Kila unapochokonoa unafungua njia ya hewa hadi chini. Reki ni ya kusawazisha uso tu, na kurudisha kati kilichoangukia kingoni.

Shimo likibakiza sentimita 10 kujaa, acha kulisha.

## Hatua ya 5: Zima kwa wakati, na uzime kabisa

Tazama miali ya tabaka la mwisho. Itapungua kutoka njano ndefu hadi vimiali vifupi, vingine vya buluu. Buluu hiyo ni monoksidi ya kaboni inayoungua, dalili kwamba gesi zenye lami zimekwisha na sasa mkaa wenyewe ndio unaoliwa. Kila dakika unayosubiri kuanzia hapo unaipoteza.

Simama upande upepo unakotokea. Anza na kopo la kunyunyizia kuzunguka kingo, ukielekea katikati. Usimwage ndoo nzima kwa mara moja: mvuke utakaopanda unaunguza vibaya, na utakufikia usoni kabla hujaruka nyuma. Mvuke ukishapungua ndipo utumie ndoo.

Baada ya lita 100 hivi, geuza mkaa kwa reki kutoka chini kwenda juu. Utakuta makaa mekundu uliyodhani yamezimika. Mwagia tena, geuza tena. Kazi imekwisha mkaa wote ukiwa umelowa na hakuna mvuke unaotoka hata ukifukua chini kabisa.

Kama maji hayatoshi, funika kwa udongo wenye unyevu unene wa sentimita 15, uushindilie, uzibe kila ufa unaotoa moshi, na uuache siku mbili au zaidi. Njia hii inakubalika, lakini mkaa utachanganyika na udongo, na ufa mmoja uliousahau unaweza kukuachia shimo la majivu.

Onyo. Mkaa uliozimwa vibaya huamka. Uache nje kwa saa 24, upapase kwa mgongo wa mkono sehemu ya ndani ya rundo, na usiuingize ndani ya nyumba au stoo kabla ya hapo. Makaa ya moto ndani ya chumba hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Hata ukishapoa, uhifadhi ukiwa na unyevu. Mkaa mpya mkavu uliorundikwa kwa wingi unaweza kujipasha joto wenyewe kwa kunyonya oksijeni.

## Hatua ya 6: Pima ubora

Vipimo vinne, na hakuna kinachohitaji maabara.

1. Mkono. Paka mkaa uliolowa kwenye vidole, kisha suuza kwa maji matupu bila sabuni. Weusi ukitoka wote, vizuri. Ukibaki utando wa mafuta wa kahawia, kuna lami.
2. Mlio. Angusha kipande kikavu juu ya jiwe. Kilichoiva hulia kama kigae. Kisichoiva hutoa sauti butu ya mti.
3. Kuvunja. Vunja kipande kinene kati. Kiwe cheusi hadi ndani. Vyenye moyo wa kahawia vitenge, viingie kwenye moto ujao.
4. Harufu. Mkaa mkavu uliopoa haunuki chochote. Ukinuka moshi, rudi kwenye kipimo cha kwanza.

Kama una shaka, fanya jaribio la mbegu. Chukua makopo mawili. Moja lijaze udongo mtupu, la pili udongo uliochanganywa na mkaa kwa kipimo cha tisa kwa moja. Panda mbegu 20 za aina moja kila kopo, mwagilia sawasawa. Mbegu zikiota kwa idadi inayokaribiana baada ya wiki moja au zaidi kidogo, mkaa wako hauna sumu ya kuzuia uotaji. Zikiota nusu tu kwenye kopo la mkaa, usiupeleke shambani.

Pima pia uchachu. Loweka sehemu moja ya mkaa uliosagwa katika sehemu 20 za maji kwa uzito, tikisa mara kwa mara kwa saa moja na nusu, kisha chovya karatasi ya kupimia pH, yaani kipimo cha uchachu: chini ya 7 ni tindikali, juu ya 7 si tindikali. Bayocha nyingi za moto wa juu husoma 8 hadi 10. Kwenye udongo wenye tindikali, hiyo ni faida. Udongo wako ukiwa tayari na pH ya 7.5 au zaidi, punguza kipimo sana au uache kabisa, kwani utaifungia mimea madini kama chuma na zinki.

## Hatua ya 7: Ponda

Vipande viwe vidogo kuliko sentimita 1, na unga mwembamba usizidi. Vikiwa vikubwa, mizizi na maji vinachelewa kufika ndani. Ukisaga hadi vumbi, upepo unabeba, na mapafu yako yanalipa.

Jaza gunia nusu, mkaa ukiwa na unyevu, lifunge, ulilaze kwenye sakafu ngumu na ulikanyage au ulipige kwa gogo. Vaa barakoa hata kama mkaa umelowa. Kuponda mkaa mkavu ni kosa linalojulikana kwa kamasi nyeusi za siku mbili.

## Hatua ya 8: Ishibishe kabla ya kuipeleka shambani

Ndani ya bayocha kuna matundu madogo yasiyohesabika, na bado ni matupu. Ukiiweka hivyo, itachukua naitrojeni iliyopo kwenye udongo na kuishikilia. Sehemu ndogo ya kaboni yake iliyo laini pia inaliwa na vijidudu, na vijidudu hivyo huhitaji naitrojeni kwa kazi hiyo. Mmea mchanga unashindana navyo na kushindwa. Ndiyo ile njano ya wiki ya tatu.

Changanya:

- Bayocha iliyopondwa: lita 100
- Mboji au samadi iliyoiva: lita 100
- Mkojo wa ng'ombe, au wa binadamu, lita 20, uliochanganywa na maji lita 20

Anza kwa kumwagia mkojo kwenye bayocha pekee, uache unywewe kwa saa chache, kisha ongeza mboji. Ukifinya konzi ya mchanganyiko, yatoke matone machache. Yakitiririka, ongeza mboji kavu. Yasipotoka, nyunyiza maji.

Rundika kivulini, funika kwa majani au magunia, na ugeuze mara moja kwa wiki. Uache wiki 2 hadi 4.

Usitie majivu ya jikoni kwenye rundo hili. Majivu hupandisha pH, na naitrojeni ya mkojo inageuka amonia na kupaa. Bayocha yenye majivu mengi hufanya hivyo hivyo. Ukisikia harufu kali inayowasha pua, ongeza mboji au udongo kidogo, geuza na ufunike.

Njia rahisi zaidi kwa anayetengeneza mboji ni kuweka bayocha tangu mwanzo, sehemu moja kwa kila sehemu tisa za malighafi ya mboji. Mboji ikiiva, bayocha nayo imeshiba, na harufu ya rundo huwa ndogo kuliko ya rundo la kawaida kwa kuwa amonia imeshikwa ndani.

Mchanganyiko uliokamilika unanuka udongo wa msituni. Ukinuka mkojo bado, haujaiva.

## Hatua ya 9: Weka kwenye mizizi

Kumwaga shamba zima ni anasa. Kipimo kinachotajwa sana cha tani 10 kwa hekta ni sawa na kilo 1 kwa mita ya mraba, karibu lita 6 za mkaa uliopondwa. Shimo lako la leo, lililokupa lita 300 hivi, linatosha mita za mraba 50 tu.

Ukiiweka kwenye mashimo ya kupandia, lita hizo 300 zinakuwa lita 600 za mchanganyiko ulioshiba. Kwa lita 1 kila shimo, unapata mashimo 600. Chimba sentimita 15 hadi 20, changanya lita hiyo na udongo uliotoka, rudisha, kisha panda. Isibaki juu ya ardhi: ni nyepesi, na mvua ya kwanza kubwa itaisomba.

Kwenye vitalu na makopo ya miche, mkaa wenyewe usizidi sehemu moja kati ya kumi ya ujazo wa udongo.

Tahadhari kwa wanaotumia dawa za kuua magugu zinazonyunyiziwa kwenye udongo: bayocha inazinyonya, na dawa inapungua nguvu. Usijibu kwa kuongeza kipimo cha dawa. Palilia.

### Acha mistari ya kulinganisha

Mistari miwili iwe na mboji peke yake, kwa kiasi kile kile cha mboji kilichomo kwenye mchanganyiko, na mistari miwili iwe na mchanganyiko wenye bayocha. Usilinganishe na mistari isiyo na kitu. Utaisifu bayocha kwa kazi iliyofanywa na samadi.

Matokeo hutegemea udongo kuliko ustadi wa mchomaji. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya majaribio mengi, ulikuta mavuno yakipanda kwa wastani wa asilimia 25 katika nchi za joto na karibu bila badiliko lolote katika maeneo ya baridi, ambako udongo mwingi hauna tindikali na tayari una rutuba. Kwa hiyo udongo mwekundu uliochoka, wenye pH ya 5, ndio wa kuutazamia zaidi. Udongo mweusi wenye rutuba unaweza usikuonyeshe chochote msimu wa kwanza.

Siku za jua kali bila mvua, pitia mistari yote saa nane mchana na uandike ni ipi iliyonyauka kwanza. Kwenye udongo wa kichanga, tofauti huonekana hapo kabla ya kuonekana kwenye kilo za mavuno.

Bayocha yenyewe hairudiwi kila msimu, kwa kuwa inakaa ardhini kwa miaka mingi. Kinachoondoka na mavuno ni virutubisho ilivyovibeba. Msimu ujao, mashimo yale yale yanahitaji mboji au samadi tu, na mkaa mpya uende kwenye mashimo ambayo hayajapata.